Mtoto wa Tanga naogopa mto, niende Jinja au nisiende?

Shikamoo Mjomba,

Naomba unifichie jina, niite tu Binti wa Chumbageni, maana ofisini kwetu safu yako inasomwa sana na wakijua ni mimi ntakosa pa kuweka sura. Mi msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo nimeona niandike sababu hili jambo limenikaa rohoni na kila ninaemuuliza ananijibu kwa kucheka.

Iko hivi. Kazini tuna kikundi, tunachangishana kila mwezi afu mara moja kwa mwaka tunasafiri. Mwaka jana tulienda Kenya, Sagana, kwenye mto Tana, tukapanda yale maboti ya mpira ya kushuka nayo kwenye maji ya kasi, na kwakweli nusu ya kwanza nilienjoi mno. Mi nimekulia hapa hapa Tanga mjini, kuogelea nimejifunza Raskazone nikiwa mdogo, bahari siiogopi, naogelea mpaka kwenye mashua zilizotia nanga na kurudi bila kupumzika. Kwa hiyo siku ile nilikaa mbele kabisa ya boti najiona mimi ndo mimi. Tukafika sehemu mto umebanwa na mawe, nahodha akapiga kelele tupige kafi kwa nguvu, boti likagonga jiwe, nikachomoka. Nazuka nakuta kichwa kinagonga kitu laini, nasogea nazuka tena, laini tena, kumbe niko chini ya boti. Sijui nilikaa huko muda gani. Nilivyotokea nikaidaka ile kamba inayozunguka ubavuni na mkono mmoja nikagoma kuachia, nahodha anasema achia kamba unipe mgongo nikuvute, mi siachii, nimeburuzwa hivyo hivyo mpaka maji yalipotulia ndo wakanipandisha kwa kushika jaketi mabegani. Wenzangu wakapiga makofi, picha ikatumwa grupu la WhatsApp, nikacheka nao. Sikumwambia mtu kwamba siku nyingine usiku naota kile kitu laini juu ya kichwa.

Sasa mwaka huu wamepanga Uganda, Jinja, mto Nile, mwezi wa kumi na mbili, siku nzima ya gredi 5 (hicho kipimo cha ukali wa maji, mwisho wake ni 6). Advansi imeshalipwa. Mchumba wangu nae yumo kwenye kikundi na yeye ndo mwenye wazo, kila siku ananitumia video za YouTube maboti yanapinduka watu wanarushwa huko, anaandika "wewe na mimi Disemba". Nikisema nina wasiwasi kidogo jibu la wote ni moja, mtoto wa Tanga unaogopa maji? Ashawatangazia mpaka dada zake kwamba tunaenda wote.

Mmoja kanishauri niende mto Pangani kule juu kabla haujafika baharini nikafanye mazoezi nizoee. Mwingine anasema Jinja hata wasiojua kuogelea wanapokelewa, kwa hiyo mimi nimezidi vigezo. Nisaidie Mjomba, mtu anajuaje kwamba yuko tayari kwa maji makali? Na huu woga niusikilize au niuvuke tu, maana naona nikiukimbia mara hii ntaukimbia kila siku.

Binti wa Chumbageni

NB: Sijui kama inahusu, bega langu la kulia liliwahi kuchomoka nikicheza netiboli chuoni, mwalimu wa michezo akalirudisha pale pale uwanjani. Halinisumbui sana ila toka Sagana nikinyoosha mkono kuanika nguo naliskia kama linataka kutoka hivi afu linarudi lenyewe.

*

Marahaba mpwa wangu, hujambo.

Ile NB uliyoichomeka chini kabisa ukasema hujui kama inahusu, inahusu mama. Inahusu kuliko gredi, kuliko Nile, kuliko mchumba na video zake. Kwa hiyo nikupe jibu kabla sijaanza maneno yangu mengi: Disemba hii usipande hiyo siku ya gredi 5. Ungekua hata umeshuka mito yote ya Afrika Mashariki ningekwambia hivyo hivyo.

Bega likishachomoka, hasa kwa mtu mwenye umri mdogo, zile kano zinazolishikilia zinabaki zimelegea au zimechanika, na kutoka mara nyingine inakua rahisi zaidi. Hilo la kwenye kamba ya nguo ni bega linalokuambia halijapona. Sasa tazama mtoni mkono unafanyishwa nini. Umechomeka kafi kwenye maji, boti linaruka, mkondo unaidaka kafi unaivuta nyuma na we bado umeishika, mkono unakwenda juu na nyuma ya mwili, na mkono ukiwa juu nje namna hiyo ndo mkao bega linapotokea. Wapiga kafi wa maji ya kasi wanalijua sana jeraha hili, ndo sababu nahodha mzuri anakufokea asubuhi nzima weka viwiko chini, mikono ibaki mbele ya kifua. Afu wewe unaniambia ulining'inia na mkono mmoja kwenye kamba ya boti linalokwenda, na tangu siku hiyo bega limeanza vituko. Hukuandika ni mkono upi ila nadhani sote tunaujua.

Likitoka katikati ya maji makali hapo huna kupiga kafi, huna kuogelea, kamba ukirushiwa huwezi kuishika vizuri, na maumivu yake nayajua kwa kuyaona, nilifanya kazi Jinja miaka kadhaa kwenye maboti haya haya na mtu mzima aliyetokwa na bega analia kama mtoto. Kayaki ya uokoaji, kile kimtumbwi chembamba kinachosindikiza maboti, itakufuata sawa, lakini itabidi ikubebe mtu asiyeweza kujisaidia, na wenzako watano sita waliobaki kwenye boti wamepungukiwa mpiga kafi kwenye rapidi ile ile, yaani sehemu ile ile ya maji ya kasi.

Nenda Bombo, omba kumuona daktari wa mifupa, mpe historia yote bila kuipunguza, na huyo mwalimu wa michezo umtaje (jamani walimu wa michezo, bega lililochomoka halirudishwi na kila mwenye mikono, pengine kuna mfupa umevunjika na bila eksirei huwezi kujua, pengine unambana mtu mshipa wa fahamu, mfungeni mkono alivyo mumpeleke hospitali). Wengi wanaanzishiwa fiziotherapia ya kukaza misuli ya bega, inaweza kuchukua miezi, wachache wanaishia kwenye upasuaji. Na ukifika usimuulize daktari kama unaweza kuogelea maana atakujibu ndio endelea. Muulize, mkono huu ukivutwa ghafla ukiwa juu ya kichwa na uzito wangu wote uko kwenye maji, litakaa? Hilo ndo swali la mtoni.

Haya, tuje kwenye woga, maana bega litapona na woga utakua bado upo.

Kwanza sikubaliani na hao wanaokucheka. Kilichokupata kina jina na kina dawa, tatizo lako ni kwamba hakuna aliyekufundisha dawa yake, au walisema asubuhi ile wakati mnapiga picha na hakuna aliyesikiliza, hiyo nayo nimeiona sana. Mtu akizuka chini ya boti, wanachofanya wengi ndo ulichofanya wewe, anasogea kidogo anazuka, anasogea upande mwingine anazuka, anarudi alipotoka. Inavyotakiwa ni hivi: nyanyua mikono yote miwili, weka viganja kwenye mpira wa boti juu yako, chagua upande mmoja tu, afu tembeza mikono kama unapapasa dari gizani, mkono mbele mkono mbele, usibadili njia hata moyo ukikwambia upande ule ni karibu zaidi. Boti halina upana mkubwa, ukienda mstari mmoja unatokea. Mpwa wangu, mtu akilijua hili kwa mikono yake, sio kwa kusimuliwa, ile ndoto ya kitu laini inabadilika.

Ile kamba sasa. Kuishika halikua kosa, ukianguka kitu cha kwanza ni kubaki na boti. Ila kuna mahali hupaswi kuwa, upande wa chini wa mto, kati ya boti na jiwe linalokuja. Boti lililojaa maji uzito wake unapita tani, likikukuta umesimama kati hapo halina pa kukupitishia. Na nahodha akisema achia, unaachia, sababu yeye anaona kilichoko mbele na wewe unaona mpira tu. Waliokupandisha kwa mabega ya jaketi wamefanya vizuri, hivyo ndo inavyofanywa, wangekuvuta mkono leo tungekua tunaongea mengine.

Na hapa ndo naomba nikuguse kidogo kwenye utanga wako, usinune. Kuogelea mpaka kwenye mashua na kurudi ni kitu kikubwa, pumzi unayo na maji hayakutishi usoni. Lakini kuna mambo bahari imekufundisha ambayo mtoni yanakugeuka. Baharini wimbi linapita chini yako na maji yanabaki karibu pale pale, mtoni wimbi limesimama mahali pamoja nyuma ya jiwe na maji ndo yanalipitia, na wewe pamoja nayo. Kwa hiyo hupati muda wa kulisubiri lipite, unalipanda na kulishuka na lingine liko mbele. Povu liko kwenye kilele, hewa safi iko bondeni, basi unavuta pumzi ukiwa bondeni na ukipanda kilele unafunga mdomo, na mtu wa pwani kazoea kupumua akiwa juu ya wimbi, anakunywa maji mpaka anachoka. Afu maji chumvi yanakubeba kidogo zaidi kuliko maji baridi ya mto, lita moja ya bahari inakaribia gramu 1,025 na ya mto ni 1,000, tofauti ndogo hiyo utasema, sawa, ila ongeza lile povu ambalo sehemu kubwa ni hewa tupu, utaona mwenyewe kwa nini mtu mwenye jaketi zima anazama kwenye maji meupe na kuibukia mbele.

Kubwa kuliko yote ni miguu. Sisi huku mguu ukigusa mchanga tunasimama, hata hatufikirii. Mtoni maji yanayokimbia ukisimama mguu ukaingia kati ya mawe mawili, mkondo unakusukuma mgongoni unalala kifudifudi na mguu haujatoka, na mkondo ukiongezeka kasi mara mbili nguvu yake ya kukusukuma inakua mara nne. Watu wamekufa hivyo kwenye maji ya kiunoni. Unalala chali, miguu mbele kuelekea mto unakoenda, vidole vya miguu vinachungulia juu ya maji, matako umeyanyanyua yasigonge mawe, unasubiri. Ukiona sehemu ya kutokea, nyuma ya jiwe kubwa au pembeni ambako maji yanazunguka kurudi juu, ndo unageuka kifudifudi na kuogelea kwa nguvu zako zote kwa mshazari, hapo utanga wako unakuja kukusaidia kweli kweli. Kasoro ni mti ulioanguka mtoni, ukiuona uko mbele na huna njia ya kuukwepa usiuendee kwa miguu, uendee kwa kichwa kwanza ukiogelea ujitupe juu ya gogo, maana maji yanapita katikati ya matawi na mtu hapiti.

Umeuliza mtu anajuaje yuko tayari. Mi kipimo changu ni hiki, na nilikua nakitumia kwa wageni bila kuwaambia. Kabla ya rapidi kubwa maboti huwa yanasimama pembeni, watu wanashuka kuiangalia kutoka nchi kavu. Namsogelea mtu namuuliza, ukidondoka pale kwenye lile shimo la maji, maji yatakupeleka wapi na wewe utafanya nini? Anaenijibu "nahodha atanivuta" huyo hajawa tayari hata kama misuli imemjaa. Anaenionesha kwa kidole, ntapita kushoto kwa lile jiwe, ntalala chali mpaka pale, afu ntaogelea kulia kwenye maji yaliyotulia, huyo anaweza akawa anatetemeka na nikampakia na amani. Na yule anaesema leo hii napita kwa miguu nitawakuta kule chini, na akatembea kweli, huyo ndo nilikua namwamini kuliko wote, siku akisema napanda nilijua kapima. Wenye maboti wazuri hawamkatazi mtu kutembea. Wanaokatazia au wanaokutania mbele za watu, ondoka hapo.

Kuhusu hii gredi 5 yenyewe msinitishane wala msidanganyane. Ile skeli inaanzia 1 mpaka 6, na haipimi ukubwa wa mawimbi peke yake, inapima pia aliyeanguka atapata taabu gani. Kwenye 3 mtu aliyeanguka kwa kawaida anajitoa mwenyewe, kwenye 4 anaweza kuhitaji wenzake na kuumia kunawezekana sana, kwenye 5 hata waokoaji wazoefu wanaweza kupata shida kumfikia. Hiyo ndo maana yake. Ila Nile pale Jinja una bahati zake, mto mpana, maji mengi na kina kirefu, ya uvuguvugu, mara nyingi baada ya rapidi kuna maji yaliyotulia ya kuokotea watu, na nahodha ana njia zaidi ya moja, ya kupinduka na ya kupita kistaarabu. Sagana mto ni mwembamba na mawe yako karibu, namba yake inaweza kuwa ndogo na bado ukatoka na goti limevimba. Na namba yenyewe haitulii, rapidi ile ile mvua ikinyesha inakua kitu kingine. Zambezi chini ya Victoria Falls kwa mfano msimu wenyewe ni maji yakipungua, kuanzia Agosti hivi mpaka Disemba, yakijaa sana wanafunga kabisa.

Ndo maana hizo video za YouTube anazokutumia mchumba hazikusaidii kuamua. Nyingine ni za rapidi ambazo hazipo tena duniani! Rapidi ya Bujagali tuliyoijua sisi ilifunikwa na bwawa la umeme lililozinduliwa 2012, afu 2019 likazinduliwa bwawa la Isimba chini zaidi, likameza nyingine. Mto uliobaki bado una meno, ila uliza kampuni mtakayokwenda nayo, mwaka huu mnashuka wapi hadi wapi, ipi mnaipita kwa miguu, kayaki za uokoaji ziko ngapi, na mtu akitaka kushuka mchana akaishia hapo anapandishwa gari au la. Wakijibu kwa maringo bila majibu hiyo hela bora mle pweza.

Eti hata wasiojua kuogelea wanapokelewa. Ni kweli wanapokelewa, nimewapakia wengi. Kampuni inakubali kwa sababu ina jaketi, ina kayaki, na ina karatasi uliyosaini kwamba ukiumia ni juu yako. Wao kukukubali ni habari zao, hauwi ushahidi kwamba wewe uko tayari. Na kwenye hiyo karatasi kuna sehemu ya afya, mabega, moyo, kifafa, ujauzito. Ungeandika nini hapo kwenye bega mpwa wangu? Najua ungeruka.

Pangani usiende. Huyo aliyekushauri hakutakii mabaya ila hajawaza. Mto Pangani una mamba, kule juu kuna mitambo ya umeme Hale na Pangani Falls na maji yanaweza kuachiwa yakapanda we uko katikati unajifunza, na pembeni hakuna mtu mwenye mfuko wa kamba ya kumrushia aliyeanguka wala anaejua kuurusha. Mazoezi fanya hapo hapo Raskazone, lakini baada ya daktari kuruhusu bega. Chagua maji mafu, siku za bamvua achana nazo mkondo unavuta. Azima laifujaketi, kaza mikanda yote mpaka unaona inabana, afu mtu akunyanyue kwa kushika mabegani kwa jaketi, likipanda likafika masikioni bado halijakaza, na wengi wetu yale ya kwenye boti za abiria tunayavaa kama kanzu. Ukiwa nalo ogelea kwa nguvu kwenda kwenye ngalawa, utashangaa lilivyokufanya mzito, afu jaribu kupanda ngalawa mwenyewe kutokea majini bila mtu kukupa mkono. Rudia mpaka iwe kitu cha kawaida. Afu jifunze kupita chini ya ngalawa kwa kupapasa nilivyokueleza, mwenzako mmoja akiwa majini na wewe na mwingine juu anaangalia. Usishindane kubana pumzi na usifanye peke yako, watu hodari kabisa wanazimia chini ya maji kwa mashindano hayo.

Ukishaweza hivyo vyote, mwaka unaofuata au wowote bega litakaporuhusu, chukua nusu siku ya gredi 3 kwanza. Mwambie nahodha ukweli wako, nilikaa chini ya boti nikaogopa, nataka tupindue boti kwenye maji matulivu nijifunze kutoka, na nataka uniachie niogelee rapidi moja ndogo kwa makusudi. Sijawahi kumuona nahodha akikataa hilo, wanafurahi, ni wachache wanaoomba. Ukitoka hapo unatamani kurudi juu ya mto kushuka tena, unaendelea. Ukitoka hapo unatamani chai na kanga kavu, basi na hilo ni jibu, sio kila mtu ameumbiwa mto na hakuna aliyekukopesha ujasiri kwamba lazima umlipe.

Mchumba wako sijamsikia upande wake kwa hiyo simsemi sana. Inawezekana kabisa hajui, maana wewe ulicheka kwenye picha, na yeye kaona mwanamke anaecheka. Kaa nae sehemu tulivu, sio kwenye grupu, mwambie mambo mawili, la chini ya boti na la bega, na mwoneshe bega linavyofanya ukinyoosha mkono. Mwanaume anaekupenda akishaliona hilo hatakutajia tena utoto wa Tanga. Akiendelea kukutania baada ya hapo niandikie barua nyingine, hiyo itakua ya mambo ya ndoa na tutaijibu kwa urefu wake.

Advansi ulizeni mapema kama wanaweza kuihamishia kwenye safari ya maji matulivu, Jinja zipo, za familia, mnakaa kwenye boti mnaangalia ndege na kuruka majini mkitaka. Hapo nenda, msafara usikuache, bora tu daktari aseme bega linavumilia kukaa kwenye boti. Wenzako wakirudi jioni wamevimba midomo kwa sababu mtu hakushika kichwa cha kafi yake vizuri kikamgonga jirani meno, utakua na picha nzuri kuliko zao.

La mwisho, hili linawahusu wote wa gredi 5 na wa maji matulivu: Ziwa Victoria na Nile pale Jinja kuna kichocho. Usiende kupima siku mkirudi, hakitaonekana, subirini kama wiki 6 hadi 8 ndo mpime au mpewe dawa, prazikwanteli, wanakupigia dozi kwa uzito wako. Mchumba nae mpeleke, hata akisema hasikii chochote.

Mjomba